Upindo wa Shangazi Melenaite

Jumatatu hiyo wanawake wa nyumba ya Chifu Moala, kule Vava'u, visiwa vya kaskazini, walikuwa wakiunga kitambaa cha magome kwa ajili ya harusi. Walikaa safu mbili, uso kwa uso, na gogo refu la kazi katikati yao. Kila mmoja alisugua rangi kwenye sehemu iliyo mbele yake, kisha wote wakakisukuma kitambaa kwa pamoja. Waliimba nyimbo za kanisani, maana mke wa mchungaji alikuwa amekuja kusaidia, na akiwepo yeye nyimbo nyingine hazikumbukwi.

Akosita alishika bakuli la gundi. Bakuli lilipoinama akatupa mkono kulidaka, na mkono ukapita chini ya Luseane, binti wa chifu aliyekuwa ameketi kando yake, ukatokea upande wa pili.

Akaurudisha. Akaupitisha tena ili awe na hakika. Kati ya Luseane na mkeka palikuwa na nafasi ya kiganja.

"Umeinuka," alimnong'oneza.

"Najua. Tangu Jumamosi. Sukuma kitambaa, wenzako wanakungoja."

Jumamosi walikuwa wamekwenda kwenye chemchemi kuosha nywele, kama walivyofanya tangu wakiwa wadogo. Akosita alikuwa binti wa mpiga ngoma ya kanisa, akaletwa nyumbani kwa chifu kuwa mwenzi wa Luseane kabla hajaota meno ya mbele ya ukubwani. Siku hiyo alikuwa akimpaka mafuta ya nazi yenye msandali, Luseane akasema, "Nikishaolewa huko kusini, atanichana nani?"

"Watu wa kusini wana vitana."

"Nimeuliza nani, sikuuliza nini."

Luseane akageuka na kumbusu. Akosita akambusu naye, kama watu wanaomalizia maongezi waliyoyaanza zamani. Kisha wakasuka nywele, wakarudi nyumbani na maji.

Sasa Bi Toakase, mkuu wa wanawake wa kazi, alikuwa ameacha kusugua. Alipima kwa macho, kutoka kichwa chake hadi kichwa cha Luseane.

"Mwanangu," akasema, "kila siku nakuona sawa na bega langu. Leo naona kidevu chako."

"Nimeinuka kidogo, Bi Toakase."

"Basi mwambie baba yako mapema. Shangazi yako anakuja na meli ya mbata."

Hapo wanawake wote waliguna, kwa sababu walielewa tatizo liko wapi. Mtu kuinuka ni jambo lake na Mungu wake. Lakini kichwa cha mtoto kuwa juu ya kichwa cha baba ni utovu wa adabu, na kuwa juu ya kichwa cha shangazi ni jambo lisilo na jina. Katika nyumba ile chifu alikaa kwenye kiti, na watu wote wakakaa chini yake. Dada yake akija, yeye chifu ndiye aliyeshuka sakafuni.

Chifu Moala alimwita mchungaji. Mchungaji alifungua Biblia, akasoma kimya kwa muda mrefu, akaifunga.

"Sioni katazo," alisema. "Eliya alipaa. Ila Eliya hatuambiwi kama alikuwa na shangazi."

Wakajaribu kumshusha. Vijana wanne wa mashua walimshika miguu, wakavuta, naye akabaki palepale, akiwaomba radhi kwa usumbufu. Wakamfunga mawe ya nanga kiunoni, mawe nayo yakaning'inia. Mwishowe Bi Toakase akasema, "We Akosita, unasimama tu kama nguzo? Njoo ushike na wewe." Akosita akamshika mkono, na Luseane akashuka taratibu mpaka akagusa mkeka. Hakuwa na haja ya kukaa juu wakati Akosita yuko chini.

"Nilijua," Bi Toakase akasema. "Mtoto wa mpiga ngoma ana mkono mzito. Ndiyo maana kila bakuli analoosha linapasuka."

Basi chifu akatoa amri: Akosita asibanduke kando ya binti yake hadi harusi ipite. Ale naye, alale naye, amshike mkono daima. Nyumba ile haikuwahi kutoa amri iliyotiiwa kwa moyo mweupe kiasi kile. Na kila mara Akosita alipouachia mkono, kufunga mshipi au kuchukua maji, Luseane aliinuka juu kuliko jana.

"Ongeza mkono wa pili," chifu aliagiza, bila kuinua macho kutoka kwenye kiazi kikuu alichokuwa akimenya.

Akosita akaongeza mkono wa pili. Watu walimsifu kwa bidii yake. Mke wa mchungaji alimtaja katika maombi ya wanawake kama mfano wa utumishi. Akosita aliinamisha kichwa akaitikia amina, na kitu ndani yake kikamchoma, kwa kuwa alimcha Mungu na hakupenda kusifiwa kwa jambo ambalo halikuwa kazi.

Shangazi Melenaite alishuka melini na sanduku moja tu. Alikuwa mjane wa miaka mingi, mkavu, mwenye macho ya kuhesabu. Gauni lake jeusi lilifika chini, juu yake amefunga kiunoni mkeka wa heshima uliochakaa, na kila alipopiga hatua upindo wa gauni uligonga ubao: ko, ko, ko. Watu walidhani ni makombe ya baharini yaliyoshonewa kwa urembo, ingawa hakuna aliyetazamia urembo kwa mjane anayefunga kula kila Ijumaa.

Chifu akashuka kutoka kitini. Shangazi akaketi. Akawatazama wale wasichana wawili, mmoja amemshikilia mwenzake kwa mikono miwili.

"Huyu ndiye anayekuzuia?"

"Ndiye, Shangazi," Luseane akajibu.

"Hm. Anakuzuia au anakupandisha?"

Shangazi Melenaite akaomba maji ya kunywa, akawafukuza wengine wote, hata kaka yake.

Walipobaki watatu, Luseane alisema haraka, kama mtu anayekimbia mvua. Siku ya harusi, kabla ya kwenda kanisani, shangazi wa bibi harusi huomba kitu kimoja katika mali ya nyumba, na akishakiomba hakuna anayeweza kumnyima. Chifu hawezi, bwana harusi hawezi, hata mfalme angekaa kimya.

"Niombe mimi, Shangazi. Nikae kwako Ha'apai, mimi na Akosita. Nitakukanda miguu."

"Miguu yangu haiumi."

"Nitakusomea Zaburi."

"Kusoma najua. Nilijifunza kabla mama yako hajazaliwa." Akamgeukia Akosita. "Na wewe, bubu?"

"Mimi nitafanya kazi yoyote, Mama. Ila nisiuachie mkono huu."

Shangazi aliutazama ule mkono. Aliutazama kwa muda, kama mtu anayesoma jiwe la kaburi la mtu aliyemfahamu.

"Nitaomba," akasema. "Sasa shuka, mwanangu. Nywele zako zinataka kushika moto kwenye taa."

Usiku ule wasichana hao walilala vizuri.

Siku ya harusi ilifika na nguruwe wake, viazi vikuu vyake na hotuba zake. Bwana harusi, Maile, alikuwa mwana wa chifu mkubwa wa kusini, kijana mpole mwenye viatu vipya vilivyomuuma. Alisalimia kila mtu kwa cheo chake bila kukosea hata mmoja. Ndoa ile ilikuwa imepangwa na babu zao. Kwayo kusini wangepata damu ya kaskazini, na kaskazini wangepata sikio la wakubwa wa kusini.

Wanawake walimvika Luseane mikeka ya mkadi, ile mizee iliyosukwa na mabibi waliokwisha kufa, mmoja juu ya mwingine, na juu yake kitambaa cha magome mkunjo kwa mkunjo, hata akawa mnene kama furushi la melini na mikono yake haikuweza kulala ubavuni. Hata hivyo aliinuka. Akosita alipiga magoti nyuma yake, mkono umepita chini ya mikeka, akamshika kifundo cha mguu. Kwa vidole alihisi mshipa ukipiga, wa haraka, wa furaha.

Shangazi Melenaite akasimama. Ko, ko. Watu wakamgeukia.

"Kaka yangu," alisema, "nimelitazama lililomo nyumbani mwako. Mikeka mnayo, nguruwe mnao. Mimi namtaka Akosita."

Chifu Moala aliinama hadi paji la uso likagusa mkeka. "Ni wako, dada."

Bi Toakase akamwinua Akosita kwa kwapa. Mkono wake ukatoka chini ya mikeka. Watu walitazama juu, wakitarajia bibi harusi apae hadi kwenye boriti. Lakini Luseane alishuka peke yake, polepole, kama chungu kinachotuliwa na mtu aliyechoka, na alipogusa sakafu ubao mmoja ukapasuka.

Watu wakamshukuru Mungu. Maile alimshukuru shangazi kwa hotuba fupi na nzuri, akamwita mwenye hekima. Luseane alimtazama shangazi yake, kisha akatazama mbele, kama alivyofundishwa tangu utotoni. Akatembea hadi kanisani bila kushikwa na mtu, na nyayo zake zilibaki kwenye mchanga, ndefu na za kina, hadi mvua ilipozifuta.

Nyumba ya Shangazi Melenaite huko Ha'apai ilikuwa ndogo, karibu na pwani, mahali ambapo nchi ni tambarare na mtu humwona mgeni kabla mgeni hajaamua kuja. Akosita alichota maji, alifagia, alichoma shelisheli. Kwa muda mrefu hakusema na shangazi ila ndiyo na hapana. Shangazi hakumlazimisha.

Habari zilikuja na meli ya mbata. Kwamba Luseane anaendelea vizuri. Kwamba benchi la mbele kanisani kwao lilikatika chini yake, likatengenezwa jingine la mti mgumu. Kwamba ndugu za mumewe wanajivuna, maana sasa kila mtu anajua kuwa wameoa mwanamke mwenye uzito. Akosita alisikiliza, akarudi jikoni.

Siku moja meli iliweka nanga, na Maile na mkewe wakashuka kumwamkia shangazi, kama inavyopasa. Luseane alikuwa amevaa mkeka mpana kiunoni. Alitembea kwa shida, kama mtu anayevuka matope. Aliingia, akaketi mkabala na Akosita. Hawakusalimiana kwa zaidi ya maneno yanayotakiwa.

"Umekonda," Luseane akasema.

"Wewe umenenepa."

"Siyo unene."

"Najua."

Ndipo wote wawili wakainuka, kila mmoja kutoka kwenye mkeka wake, kwa pamoja na kwa kimo kimoja. Akosita hakuwahi kuinuka kabla ya hapo. Aliona kwamba ni kama kuelea majini, ila bila baridi. Bakuli la kava, kinywaji cha mizizi cha kukaribishia wageni, lilikuwa katikati yao, chini kidogo ya magoti.

Maile akaweka kikombe chake chini. "Shangazi," akasema kwa adabu, "nasikitika. Huko kwetu hakuwa hivi. Baba yangu ni mzee, na kichwa chake hakipitwi na kichwa cha mtu. Kuna dawa?"

"Ipo."

Shangazi Melenaite aliomba mkasi. Akaukunjua upindo wa gauni lake jeusi magotini, akafumua mshono. Yakatoka mawe ya pwani, meusi, yamelainika kwa kuvaliwa. Akayagawa mafungu mawili, akawashonea mwenyewe, kwanza Luseane, kisha Akosita, kwa mishono ya karibukaribu. Kila jiwe lilipoingia, aliyeshonewa alishuka kidogo.

"Haya nilipewa na shangazi yangu," alisema, akikata uzi kwa meno. "Naye alipewa na wake. Msifue gauni kwa maji ya moto, mawe yanatoboa nguo."

Akosita alimuuliza lile alilolibeba tangu Vava'u. "Mama, ulisema utamwomba."

"Nilisema nitaomba. Yeye angepaa, wangemfunga mikeka, wangempenda vilevile. Ni binti wa chifu. Wewe ungepaa, mtoto wa mpiga ngoma, nani angekufunga kamba? Wangekuacha uende." Akachoma sindano yake kwenye ukingo wa mkeka. "Nilipewa neno moja tu la kuomba."

Luseane akaupeleka mkono hadi kwenye upindo wa Akosita, akahesabu mawe kwa vidole juu ya nguo. Kisha meli ikapiga honi. Maile alimshukuru shangazi na kumpa mkono mkewe, naye akaondoka akitembea vizuri, wima, kila hatua ko, ko, ko, mpaka bandarini.

Jioni Akosita alipoleta magimbi alimkuta Shangazi Melenaite juu, mgongo wake umeegemea makuti ya paa, mikono imekunjwa kifuani. Upindo wake mtupu ulikuwa ukipepea.

"Kamba ya makumbi iko nyuma ya sanduku," shangazi akasema. "Nifunge kwenye nguzo, usikaze sana. Na sala ya leo ongoza wewe. Mimi nimekaribia mno, nitaonekana najipendekeza."

Akosita akamfunga. Akaketi chini, upindo mzito umetulia kumzunguka, akashika ncha ya kamba na kufumba macho. Aliwaombea wagonjwa, na mfalme, na wasafiri waliomo baharini. Jina lile hakulitaja, kwa kuwa kanisani kwao mke huombewa na nyumba ya mumewe. Alisema amina, na kutoka juu shangazi akaitikia amina, na kamba mkononi mwake haikulegea.