Kisahani cha Mlinzi

Kila asubuhi, kabla hata chai haijachemka, mama alimpigia bintiye simu na kuuliza swali lile lile: "Haya, leo wamekutaja wangapi?"

Binti mwenyewe alikuwa mtu mzima mwenye mvi zake, mtafiti wa kuvu zinazoingia mwilini na kuleta maradhi. Wanafunzi walimbandika jina la Mama Kuvu. Alilipenda jina hilo, ila aliutaka na uprofesa pia. Siku alipomweleza mama kwamba mtafiti hupimwa kwa idadi ya mara wenzake wanapomtaja kwenye makala zao, bibi yule alielewa upesi kuliko wakuu wa idara. Alitundika kalenda jikoni, akawa anaandika hesabu kwa kalamu nyekundu, na kila jirani aliyekuja kuomba chumvi alisomewa. Sasa ilikuwa imefika mia mbili arobaini na tano.

Jambo ambalo mama hakuelezwa ni kwamba mia mbili na kumi na nne kati ya hizo zilitokana na makala moja tu. Iliandikwa miaka kumi na moja nyuma, kuhusu kuvu mpya iliyoonekana kwenye makohozi ya wagonjwa tisa wa kikohozi sugu. Makala hiyo ndiyo iliyombeba mpaka mlangoni mwa kamati ya kupandisha vyeo. Usaili ulikuwa Alhamisi. Alimwomba fundi wa maabara aioteshe upya kuvu hiyo apate picha nzuri za kuwaonyesha wakubwa.

Jumatatu fundi akamwita. "Daktari, hebu njoo mara moja."

Alikwenda mbio. Mzee yule, aliyebakiza miezi minne kustaafu, hakuwa na desturi ya kuitaita watu. Alikuwa ameshika kisahani cha mlinzi.

Mle maabara, kila kundi la visahani lililoingia kwenye kabati la joto liliingia na kimoja kitupu, chenye chakula cha kuvu lakini kisichopandwa kitu. Huyo ndiye mlinzi. Akitoka safi, nyumba ni salama. Akiota chochote, mwizi yumo ndani. Mlinzi wa safari hii alikuwa ameota ukungu wa rangi ya waridi wenye ukingo wa kahawia, na Mama Kuvu aliujua ukungu huo kama anavyojua kiganja chake: ndiyo kuvu ya makala yake.

"Niliuona tangu Ijumaa," fundi alisema. "Nikapangusa ule mpira wa mlango wa kabati, nikapanda nilichopata kwenye kisahani kingine. Na huko nako umeota. Sikutaka kukuharibia mapumziko."

Kabati lilikuwa lile lile la miaka yote; basi kuvu ile haikutoka kwa wagonjwa, ilitoka kabatini. Mama Kuvu alivuta kiti akakaa. Aliikumbuka vizuri mno siku ya utafiti ule. Wagonjwa walikuwa tisa, na stoo vilibaki visahani tisa. Fundi aliuliza mlinzi yuko wapi, naye, kwa haraka zake za wakati ule, akajibu kwamba leo twende bila mlinzi. Vyote tisa vikaota. Mtu mwenye akili timamu angeshtuka hapo hapo, maana lini wagonjwa tisa kwa tisa wakakubaliana jambo? Yeye alipiga vigelegele mpaka watu wa chumba cha pili wakaja kuchungulia.

"Mzee, mbona siku ile hukusema?"

"Nilisema, Daktari," fundi alijibu, kwa upole, bila kinyongo.

Tusimwone malaika. Alikaa pale saa nzima akipiga hesabu ya siku tatu. Angeweza kunyamaza hadi Alhamisi ipite, kisha akagundua kosa Ijumaa. Fundi asingefungua mdomo. Lakini waliomtaja hawakuwa watafiti pekee. Walikuwemo madaktari walioisoma makala, wakaanza kuwapa wagonjwa wa kikohozi dawa ya kuvu, dawa kali inayotafuna figo. Kila alipofika kwenye Ijumaa, alimwona mtu anakunywa dozi ya Jumatano. Aliona aibu, akalia kidogo, kisha akafungua kompyuta. Aliliandikia jarida lililoichapisha makala kwamba ifutwe, na akamwandikia kila daktari aliyewahi kumuuliza habari za kuvu ile.

Alhamisi alianza kwa kuisomea kamati barua hiyo. Mwenyekiti alivua miwani.

"Ungengoja hata kesho, dada yangu," alisema, na ilionekana imemuuma kweli. "Sasa unabaki na ngapi?"

"Thelathini na moja."

Hawakuwa na la kufanya. Walimpa mkono mmoja mmoja, kama msibani.

Siku mbili hakupokea simu ya mama. Jumamosi akaona haya, akaenda mwenyewe. Alimkuta jikoni, kalamu sikioni.

"Wamekuonea?" mama aliuliza, tayari kwa vita.

"Hapana, mama. Nilikosea mimi. Zote zile zimekwenda na maji. Zimebaki thelathini na moja."

Mama akamsogezea kikombe. Simu ya binti ikalia. Ulikuwa ujumbe wa daktari wa hospitali ya mbali, mtu asiyemjua kwa sura. Aliusoma kwa sauti: "Nilipopata barua yako nilisimamisha dawa kwa mgonjwa wangu mmoja, mama wa watoto wawili. Figo zimeanza kurudi. Leo ameomba chakula."

Mama aliomba asomewe tena. Akasomewa.

"Na huyo anahesabika?"

"Hapana, mama. Huyo hajaandika makala. Hahesabiki popote."

Bibi akaitoa kalamu sikioni, akaiendea kalenda. Aliikata mia mbili arobaini na tano kwa mstari mmoja, na pembeni yake akaandika, kwa tarakimu kubwa za kuonekana tangu mlangoni, thelathini na mbili.