Miadi ya Mshiriki Namba Tisa

Saa tatu na robo asubuhi, Jumanne, Mama Jasho alikuwa anahesabu karatasi zake za kukusanyia jasho kwa mara ya pili, maana hesabu ya kwanza hakuiamini. Hata saa ya ukutani hakuiamini, na chupa ya sabuni ya kunawia aliipiga mstari wa kalamu ili ajue nani anaimaliza. Kazi yake katika taasisi ile ilikuwa kupima chumvi kwenye jasho la watoto, na jina alipewa na watoto wenyewe. Alipofika karatasi ya arobaini mlango ukagongwa, akaingia mshiriki namba tisa, binti wa miaka kumi na moja, aliyefariki wiki sita zilizopita.

"Shikamoo, Mama Jasho."

"Marahaba. Umechelewa robo saa."

"Nimekuja kwa miguu," binti akasema, akakaa kwenye kiti chake cha siku zote na kukunja mkono wa sweta.

Kadi yake ilikuwa sahihi. Utafiti ulitaka kila mtoto ahudhurie mara sita, na leo ilikuwa mara ya tano. Mama Jasho aliikagua mbele na nyuma, akainusa, asione kosa. Akambandika mkononi pedi yenye dawa ya kuamsha jasho, akawasha ule umeme mdogo usiouma, wakasubiri nusu saa.

Utafiti wenyewe ulikuwa wa Profesa. Watoto hawa walizaliwa na sistiki faibrosisi, ugonjwa ambao mama huanza kuushuku siku anapombusu mwanawe na kuonja chumvi. Kwenye utando wa seli za mwili kuna vipitio vya ioni, ambavyo Mama Jasho aliwaeleza wazazi kuwa ni vijilango vya kupitishia chumvi. Kwa watoto hawa vijilango vimekwama, makohozi yanakuwa mazito kama gundi, na kifua hakipumziki usiku wala mchana. Profesa alitumia miaka kumi na tisa ya maisha yake kutafuta kidonge cha kuvifungua. Sasa alikuwa amekipata, na jengo zima lilitembea kifua mbele.

Jasho la binti lilitoka baridi. Kabla ya kuanza vidonge vya Profesa lilisoma mia na nne, wakati mtoto mwenye afya hafiki thelathini. Leo mashine ilisoma sifuri. Mama Jasho akaizima, akaiwasha, akaijaribu kwa maji ya chumvi aliyoyatengeneza mwenyewe, kwa kuwa ya kiwandani hakuyaamini. Mashine ilikuwa nzima. Ikasoma sifuri tena.

Kisha akamtazama macho. Yalikuwa ya njano, kama yalivyokuwa katika hudhurio la nne. Siku ile aliliandika jambo hilo kwenye faili, ukurasa wa thelathini na mbili, kwa herufi kubwa, kwa sababu alijua ini likianza kuharibika hujionyesha machoni. Akafungua faili. Baada ya ukurasa wa thelathini na moja ulifuata wa thelathini na tatu.

Akaufunga mlango kwanza. "Mwanangu, sisi tuliambiwa ni kifua kilichokuchukua."

"Si kifua. Ni hapa." Binti akagusa chini ya mbavu za kulia. "Palianza kuuma baada ya vile vidonge. Nilimwambia Profesa."

"Akasemaje?"

"Nivumilie, zimebaki mara mbili tu." Akashusha mkono wa sweta. "Nikimaliza, nafasi yangu anapewa mdogo wangu. Na yeye anaumwa kama mimi. Baba atamleta siku hiyohiyo ya mwisho, wiki mbili zijazo."

Mama Jasho alisikia hasira ikimpanda mpaka masikioni. Alikuwa ameshuku watu wengi maishani, wengi wao bure, na safari hii hakufurahi hata kidogo kwamba amepatia. Akalichukua faili na kwenda nalo ofisini kwa Profesa.

Profesa alikuwa mtu mpole, aliyejua siku za kuzaliwa za watoto wote kumi na wawili. Alimsikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza.

"Amekuja mwenyewe?"

"Mwenyewe."

"Basi ndani ya utafiti hajafa," Profesa akasema. "Kifo nilitaka kukiripoti Ijumaa hii. Sasa niripoti nini, na mtoto yuko kwenye kiti? Amesoma ngapi?"

"Sifuri."

Profesa akafikiri kidogo. "Sifuri wakaguzi hawataiamini. Andika ishirini na mbili."

"Na macho je?"

"Macho gani, Mama Jasho? Kwenye faili sijaona habari ya macho."

Alirudi chumbani kwake akaandika sifuri, kwa wino. Alipofungua faili kesho yake akakuta ishirini na mbili, kwa mwandiko uliofanana na wake kuliko wake mwenyewe.

Siku ya hudhurio la sita Mama Jasho alisimama kwenye korido tangu saa mbili. Baba mtu, fundi wa lifti, alifika akiwa ameshika binti huku na huku: yule wa miaka kumi na moja na mdogo wake wa miaka mitano. Mama Jasho akamvuta pembeni kabla hajavua kofia.

"Baba, usitie sahihi. Mwanao hakuuawa na kifua. Ni ini, na ni hivyo vidonge. Niliona, nikaandika, wakauchomoa ukurasa."

"Ameniambia mwenyewe njiani," baba akasema.

"Sasa?"

Baba akamgeuza bintiye mkubwa. "Weka sikio hapa mgongoni."

Mama Jasho akainama, akaweka sikio. Hakukuwa na mkoromo wala ile filimbi aliyoizoea.

"Miaka kumi na moja nimelala nikisikiliza kifua hiki," baba akasema, machozi yakimlengalenga. "Sijawahi kukisikia kimetulia hata siku moja. Na huyu mdogo naye ndiyo hivyo, ameanza kukoroma. Unataka nimnyime?"

"Kimetulia kwa sababu havuti pumzi, baba."

"Najua," akasema. "Lakini kimetulia."

Akaingia ndani na kutia sahihi mahali alipoonyeshwa. Profesa akampa mkono kwa mikono miwili, akampongeza binti mkubwa kwa kumaliza, na kwenye ripoti akaandika kwamba washiriki wote kumi na wawili walihudhuria mara zote sita. Mama Jasho akamtazama mdogo macho, akaandika kuwa ni meupe, akatoa nakala tatu, moja akaitia ndani ya kiatu. Hakumwambia mtu.

Mtoto akameza kidonge cha kwanza na nusu glasi ya maji, akapewa kadi yake ngumu yenye tarehe sita. Kwa kuwa kusoma alikuwa bado hajui, akampa dada yake amsomee. Dada akazipitia taratibu, moja moja, kisha akaweka kidole kwenye mojawapo.

"Siku hii usimsumbue baba," akasema. "Nitakuja kukuchukua mimi."

Baba akainama kuitazama ile tarehe. Akasema ni sawa kabisa, maana siku hiyo yeye atakuwa zamu.