Kifuniko cha Jiko la Yavdoha

Stefania alifundisha kemia katika shule ya kijiji. Mama mkwe wake, Yavdoha, aliamini kwamba kemia ni kazi ya watu wasiojua kuwasha jiko.

Asubuhi ile ya theluji walivutana tena juu ya kifuniko cha bomba la moshi. Ukikifunga moto ukishaisha, joto hubaki ndani ya jiko la matofali mpaka kesho yake. Ukikifunga mapema mno, unaua watu.

"Mama, nakuomba. Ukiona miali ya buluu bado inacheza juu ya makaa, usifunge."

"Nimewasha jiko hili kabla hujazaliwa, mwalimu. Joto lote hilo unataka tuwagawie kunguru?"

"Ni kaboni ile ile na oksijeni ile ile, mama. Kwa uzito, kaboni tatu ikipata oksijeni nane, inakuwa hewa hii tunayoitoa puani. Ikipata nne tu, ni sumu. Haina rangi wala harufu."

"Nne, nane! Kawaambie wanafunzi wako huko. Mie niachie supu yangu ya borshi."

Stefania alicheka. Akambusu binti yake Orisia, aliyelala juu ya jiko, kwenye ulingo wa matofali wa kulalia wakati wa baridi, kwa sababu ya mafua, akaenda zake. Kicheko hicho kingemtafuna maisha yake yote.

Yavdoha alimpenda mjukuu wake kupita kiasi. Alipomsikia anakohoa, alichungulia makaa. Buluu ilikuwepo, lakini kidogo tu. Akafunga, akaenda zizini kukamua. Ng'ombe alikuwa na kidonda kwenye chuchu, kazi ikachukua muda.

Stefania aliporudi mchana, nyumba ilikuwa na joto zuri ajabu. Alielewa hata kabla hajavua koti. Alimshusha mtoto mbio, akamtoa nje, akamlaza kwenye theluji na kuanza kumpulizia pumzi mdomoni.

Yavdoha akatoka zizini, ndoo mkononi.

"Kazimia tu! Hebu tazama mashavu yake yalivyo mekundu! Huyu mzima kabisa!"

Sumu ile ikishashika damu huiacha nyekundu, na wekundu huo haufifii hata moyo ukisimama. Stefania alilisoma hilo chuoni, na kwenye mtihani akalijibu vizuri. Aliendelea kupuliza, na kifua cha Orisia kilipanda kwa pumzi ya mama yake tu.

Yavdoha alivua shali yake, akaikung'uta theluji.

"Mfunike basi, mwanangu," alisema. "Atapata baridi."