Ayodini kwenye Maziwa ya Adyeri

Rwabuhinga alidondosha ayodini kwenye maziwa yangu, akaitikisa neli ya kioo, kisha akainyanyua juu ili foleni nzima ione. Maziwa yaligeuka buluu, halafu yakawa meusi.

"Wanga," akasema. "Kuna unga humu. Kabasinguzi, rudi nyumbani na dumu lako."

Kabasinguzi! Jina tupu, kama anafukuza mbuzi shambani. Huku kwetu Tooro kila mtu ana mpaako wake, jina la heshima, na mtoto aliyelelewa humwita kwa mpaako hata mtu anayemchukia. Mimi ni Adyeri. Kijana huyu nilimfundisha biolojia tangu hajui kushika neli, na leo kituo cha maziwa kimemvalisha koti jeupe, ameota mapembe.

"Mwite mwalimu wako vizuri," nikamwambia.

"Mwalimu wangu hakuwa anatia unga kwenye maziwa."

Foleni ikaangua kicheko. Bagonza, jirani yangu, alikuwa ameegemea pikipiki yake. "Adyeri, si ungesema tu unauza uji? Tungekuja na vikombe!"

"Funga bakuli lako, Bagonza. Wewe mwenyewe ng'ombe wako wanakaribia kutoa mvua."

Nikamgeukia Rwabuhinga. Nilitaka kumvua nguo mbele za watu, nisiseme uongo. "Sukari inapimwaje?"

"Dawa ya Benedikti. Ya buluu. Unachemsha, ikigeuka nyekundu kama tofali, sukari ipo."

"Protini?"

"Biureti. Inakuwa zambarau."

"Mafuta?"

"Spiriti. Unatikisa, unamimina kwenye maji, unaona wingu jeupe."

"Na maziwa yana kipi kati ya hivyo?"

"Vyote vitatu. Kisichokuwemo ni wanga, hata ng'ombe akishinda ghalani anakula mahindi. Si ulitufundisha wewe?"

Mshenzi, alikuwa anakumbuka kila neno.

"Basi neli yako chafu," nikasema. "Pima maji matupu kwanza. Nilikwambia mara ngapi, usiamini kipimo ambacho hujakijaribu kwa maji?"

Alisuuza neli, akatia maji, akadondosha ayodini. Maji yakabaki na rangi ya chai ya rangi. Akapima maziwa ya Bagonza, yakawa manjano tu. Akachota yangu tena kutoka chini ya dumu. Meusi.

"Kanuni unaijua," akasema, safari hii kwa sauti ya chini. "Kesho ukija na meusi tena, tangi hili sahau."

Tangi jingine la kupoza maziwa liko mjini, na maziwa hayavumilii mwendo huo juani. Ng'ombe ndio wanaonilisha tangu nistaafu. Nisipopokelewa pale nimekwisha, na kila mtu kwenye foleni ile alilijua hilo.

Nyumbani nilimkuta Abwoli barazani, anamenya maganda ya maharage ya kupikia firinda, mchuzi wetu wa maharage. Abwoli ni mama wa marehemu mume wangu. Tangu mwanawe azikwe tunaishi nyumba moja kama paka wawili kwenye gunia, na tangu siku hiyo hajawahi kunitamkia mpaako wangu. Huniita "wewe".

"Wewe, umerudi na dumu limejaa?" akauliza. "Au siku hizi maziwa yanakwenda kutembea tu?"

Nilikwenda kutafuta kichupa changu cha ayodini, kile nilichoondoka nacho shuleni.

Alfajiri nilikamua mwenyewe. Nilipima maziwa yakiwa bado na povu la chuchu: manjano. Nikachota kidogo kwenye kibuyu nikakificha chumbani, mengine nikayatia kwenye dumu, nikaliacha pale pale linapokaa siku zote, nyuma ya mlango wa jikoni. Nikaenda kuoga. Niliporudi nikapima ya dumuni. Meusi.

Ndani ya nyumba ile tulikuwa wawili tu.

Jikoni Abwoli alikuwa amekaa kwenye kigoda chake, povu la maziwa bado liko juu ya mdomo. Pembeni yake palikuwa na sufuria ya uji wa mahindi wa jana, mwembamba, mweupe, ameuchuja kwa kitambaa. Nikaudondoshea ayodini. Ukawa mweusi tii.

"Mama! Umetia uji kwenye maziwa ya tangi?"

"Ulitaka nitie maji? Ningekuharibia."

"Kwa nini lakini?"

"Kwa sababu dumu umelichora mstari." Ni kweli, nilikwaruza mstari kwa msumari, nijue maziwa yanafika wapi. "Nakunywa kikombe, narudisha kikombe. Mimi si mwizi. Mwizi gani anarudisha?"

"Ungeniomba!"

"Nilikuomba. Kiangazi kilichopita nilikuomba, ukanijibu maziwa ni ya tangi, anayenyonya ni ndama, si kikongwe."

Nilisema hivyo. Sikatai. Ng'ombe walikuwa wamekauka, na yeye alikuwa amenitia hasira tangu asubuhi.

"Unajua ulichonifanyia?" nikamfokea. "Nimeitwa mlaghai mbele ya mwanafunzi wangu! Wananifukuza kwenye tangi!"

Abwoli akajifuta mdomo, akachukua fimbo yake na ile sufuria ya uji. "Basi nitakusafisha. Twende kwa huyo kijana wako wa dawa, nikamwambie uji ni wangu na niliutia kwa nini."

Aliyetia unga kwenye maziwa watu humcheka, na mvua mbili zikipita wamemsahau. Lakini mwanamke mwenye ng'ombe zizini aliyemnyima maziwa mama wa mumewe? Huyo kwetu hapewi hata moto wa kuwashia jiko.

Nikasimama mlangoni. "Kaa, Mama. Nitasema ni mimi niliyetia."

"Mwalimu mzima useme uongo?"

"Nitakupa maziwa. Kila siku. Utakunywa mpaka uchoke."

"Kumbe yalikuwepo," akasema, akanisukuma kwa fimbo yake, akatoka.

Nilimfuata nyuma na dumu na kile kibuyu. Ningefanya nini? Kumpiga?

Mbele ya tangi alisimama kama yuko harusini. "Huyu hakutia unga," akawaambia. "Uji ni wangu, huu hapa, upimeni. Aliniambia anayenyonya ni ndama, si kikongwe. Basi nikawa naiba kikombe na kujaza nafasi yake."

Rwabuhinga akaupima uji: mweusi. Akapima maziwa ya kwenye kibuyu: manjano. Nilisubiri watu wacheke. Niliomba wacheke. Bagonza, ambaye hata msibani hawezi kunyamaza, alikuwa anatazama tairi la pikipiki yake.

"Maziwa yake ni safi," Rwabuhinga akasema. "Dumu hili limwagwe. Kesho alete, yatapokelewa." Kisha akachota kikombe cha maziwa yake mwenyewe, akapiga magoti na koti lake jeupe kwenye tope, akampa kikongwe kwa mikono miwili. "Kunywa, Abwoli."

Kesho yake nilifika mapema. Bagonza akaja akasalimia foleni yote, mmoja mmoja kwa mpaako wake: Akiiki, Ateenyi, Amooti, Araali. Alipofika kwangu akasema, "Kabasinguzi, sogeza dumu lako."

Rwabuhinga akapima. Manjano, safi kabisa. Hakuniangalia.

Mpaka leo maziwa yangu yanapokelewa kila asubuhi, na hakuna aliyewahi kuyakuta na doa. Na mpaka leo, katika kijiji kizima, amebaki mtu mmoja tu anayeniita Adyeri. Huniita akiwa pale jikoni kwenye kigoda, kikombe mkononi, anapotaka kuongezewa.