Chupa Arobaini za Bakteria

Mwalimu aliombwa aandike, kwa ukurasa mmoja tu, mhitimu wa shahada ya uzamili ya bioteknolojia awe anaweza kufanya nini. Akaandika mbiombio: kukuza bakteria, kutoa vinasaba, kusoma takwimu. Halafu kalamu ikagoma. Akili ilishatoroka kwenda maabara ya zamani, ile yenye dirisha lisilofungika na harufu ya spiriti, enzi za uanafunzi wake. Jamani, mwaka ule! Angepewa hata siku moja tu arudi, angekwenda mbio.

Miezi minne alilea bakteria wake, wale wanaokula mafuta machafu, kama mtu anayelea mapacha. Zimebaki wiki tatu ahitimu, akaona vidoa vya njano kwenye kisahani cha kwanza kabisa alichokuzia bakteria. Siku alipokiandaa, kwa haraka zake, hakupitisha waya wa kuchotea motoni kuua vijidudu. Vijidudu vigeni vilishaingia, na chupa zote arobaini zilitokana na kisahani hicho.

"Nyamaza," rafiki yake Kijiko alimnong'oneza. "Takwimu zako zinapendeza. Nani atajua?"

"Mimi najua."

"Haya, jifanye malaika. Sisi tukivaa majoho, wewe utabaki na chupa zako."

Akamwambia msimamizi wa utafiti wake. Akarudishwa mwanzo, mwaka mzima.

Kwa msimamizi kulikuwa mteremko. Mlima ulikuwa nyumbani. Mama yake alishashona gauni la mahafali, alishaalika mtaa mzima, mpaka muuza mkaa. Binti yake akaeleza yote huku analia.

"Na usingesema, wangejua?" mama aliuliza.

"Wasingejua, mama."

Mama akaguna, akavaa ndala, akatoka. Binti akatamani ardhi ipasuke immeze. Mwaka angeumaliza, lakini kumvunja mama moyo, hilo hakulijulia dawa.

Kumbe mama alikuwa anapita mlango kwa mlango kuwaambia walioalikwa. Sauti yake ikasikika kwa jirani wa ukutani.

"Mwaka huu sherehe hakuna, mwenzangu."

"Maskini! Binti kafeli?"

"Afeli nani? Kakosea kazi, hakuna aliyemwona, na kasema mwenyewe. Wako angesema?"

Mama akaenda mlango wa pili, akaanza upya, safari hii kwa sauti kubwa zaidi.