Kopo la Nne

Kli. Kifuniko cha kopo, gizani.

Mama Kibibi alifumbua jicho moja. Bado hakujapambazuka. Mkono wake ulipopapasa godoro, ulikuta joto tu mahali alipolala mtoto. Akatabasamu. Kibibi wake wa miaka minne, bibi wa mambo, ametangulia jikoni kuanza kazi kabla ya tajiri.

"We Kibibi, usinimwagie unga!"

Ikaja sauti asiyoijua, kama ya mtu anayevuta pumzi na kuikosa.

Kule walikotoka, Mama Kibibi aliokea mtaa mzima, na vitu vya kuumulia unga alivijua kwa rangi. Pakiti nyekundu hamira, ya bluu baking pauda, ya manjano magadi soda. Hata akiwa na usingizi hakosei. Walipovuka mpaka kuja kukaa kwa wifi yake, rangi nazo zikahama. Nyekundu ya hapa ni magadi. Hamira inauzwa mbichi, iko kwenye friji, kipande kama sabuni ya kufulia. Halafu kuna amonia ya waokaji, ya biskuti nyembamba tu, inayonuka mkojo mpaka tanuri liifukuze. Na maandishi ya pakiti ndiyo kwanza alikuwa anayasoma herufi moja moja, darasa la jioni.

Mkate wake wa kwanza aliuwekea pakiti nyekundu. Wifi yake aliugonga kwa kijiko.

"Wifi yangu, huu mkate au tofali? Tuuweke mlangoni, siku tukigombana na jirani tuna silaha."

Walicheka mpaka wakakaa chini. Lakini tangu siku hiyo Mama Kibibi hakuziamini pakiti tena. Alizimimina zote kwenye makopo matupu ya kahawa, akawa anauliza ulimi. Ncha ya kidole, ncha ya ulimi. Magadi yana chumvi na usabuni. Baking pauda inachemka mdomoni. Amonia haikusubiri ulimi, iliwahi puani. Kibibi aliupenda mchezo huo kuliko mwanasesere.

"Nani huyu?"

"Magadi!"

"Na huyu?"

"Huyu Mchekeshaji!" Ndilo jina aliloipa baking pauda, kwa kumtekenya ulimi.

"Huo ndio ulimi wa mwokaji," mama yake alikuwa akijisifu kwa wateja wake wa jengo walimokaa.

Sasa aliwasha taa. Makopo matatu yalikuwa rafuni, yamefungwa. La nne, ambalo hakuwahi kuliona, lilikuwa wazi sakafuni, na ndani yake chembe nyeupe. Kibibi alisimama kando yake, midomo imevimba, mate yanatiririka mpaka kifuani. Macho yake yalikuwa yanamuuliza mama yake, nani huyu?

Mama Kibibi alipiga kelele ambazo zilimleta fundi viatu wa chumba cha jirani, shati limefungwa kifungo kimoja.

"Kala nini?"

"Sijui!"

"Magadi?"

"Sijui, baba yangu, sijui!"

"Kama ni magadi, mpe siki. Siki inaua magadi. Wewe si ndiye mwokaji? Mpe!"

Chupa ya siki ilikuwa palepale kwenye rafu. Mama Kibibi aliinyakua na kuipeleka mdomoni kwa mtoto. Mkono ukagoma. Ni mara ngapi ameviona hivi viwili vikikutana kwenye bakuli, povu likapanda na kumwagika? Bakuli lina mdomo mpana. Koo la mtoto je? Hilo povu litakwenda wapi?

Akaiweka chupa chini.

"Maji. Nipe maji tu, mzee."

Alimwinamisha Kibibi kwenye ndoo, akamsuuza mdomo, maji yakimwagika nje, akamsuuza tena. Mtoto hakulia. Hilo ndilo lililomtisha zaidi.

"Basi tujue ni nini," fundi alisema. "Hospitali watauliza."

Mama Kibibi alichota chembe kidogo kwa kijiko, akazitia kwenye glasi ya maji ya bomba. Aliinusa kwa mbali. Haikunuka. Haikutoa povu. Akaishika glasi kwa kiganja. Magadi soda hupoza maji, hilo alilijua, amonia vilevile. Glasi hii ilianza kuwa vuguvugu. Ikawa moto. Ikabidi aiweke mezani.

Hakuna kitu cha kuumua unga kinachochemsha maji ya baridi. Hakuna kwao, hakuna hapa, hakuna popote.

"Twende," alisema, akambeba mtoto na kulichukua lile kopo.

Hospitalini, daktari alikuwa dada kijana, nywele amezibana kwa kalamu. Mama Kibibi aliokoteza maneno ya lugha ya pale, moja hapa, moja pale.

"Ni kitu cha kuokea?" daktari aliuliza.

"Si cha kuokea. Kinachemsha maji. Ameonja."

Daktari alichungulia kopo, akageuka, akaita watu. Kibibi alipelekwa mbio kwenye kitanda cha magurudumu, mguu mmoja una ndala na mwingine hauna. Muuguzi alibaki nyuma kidogo.

"Hukumpa siki? Hukumtapisha?"

"Hapana."

"Vizuri."

Neno hilo moja Mama Kibibi alikaa nalo kwenye benchi kama mtu aliyepewa kipande cha nguo ajifunike kwenye baridi.

Wifi yake alifika na sare ya usafi, ametoka zamu ya usiku baada ya fundi kumpigia simu. Hakusalimia.

"Wifi, ni ile dawa ya kuzibulia sinki. Pakiti ilipasuka. Nikaona kopo tupu, nikaimimina humo, nikasema nitakwambia asubuhi."

"Umemwekea mwanangu sumu kwenye kopo la kahawa."

"Najua."

"Hujui! Ungejua usingesubiri asubuhi!"

"Na nani aliyemfundisha kwamba kila cheupe kinaonjwa?"

Neno lilishatoka. Wifi alijiziba mdomo kwa viganja vyote viwili, lakini maneno ni kama mate, yakitoka hayarudi kinywani. Mama Kibibi alisogea kidogo kwenye benchi, na wifi akakaa kwenye ile nafasi. Wote wawili wakautazama mlango alikopitishwa Kibibi.

Daktari alipotoka, alisema polepole ili aeleweke. Ulimi na midomo vimeungua. Kooni kuna jeraha pia. Si baya kama walivyohofia, lakini jeraha la namna hii likipona huweza kuvuta na kubana njia ya chakula. Watamwangalia tena kwa kamera ya kooni. Kwa sasa asile, asinywe.

"Ataongea?"

"Kuna uvimbe. Tusubiri."

Wakasubiri. Wodini kulikuwa na watoto wengine, na kulipokucha kabisa kikaja kigari cha kifungua kinywa, magurudumu yakilalamika. Harufu ya mkate ilipita kitanda hadi kitanda. Kwenye kitanda cha Kibibi mhudumu alisoma kibao cha kuzuia chakula na kupita bila kusimama.

Kibibi alikuwa ameamka. Alikifuata kigari kwa macho mpaka dirishani. Mama yake alimshika kidole, kile cha kuonjea, akaogopa kumuuliza chochote. Wifi alisimama miguuni mwa kitanda, anakunja shuka na kulikunjua.

Midomo ya mtoto ilitikisika. Ikatoka pumzi tupu. Akameza mate, uso ukamkunjamana, akajaribu tena, na sauti ikatoka, ya kukwaruza.

"Mama, nina njaa."