Hitaji la Mama Eliana

Walikuwa uani wanapiga alizeti kwa fimbo, mama na binti, Eliana aliposema bila kuinua uso, "Mama, usinitafutie tena mume. Mimi nampenda Klara. Si kama dada."

Yustina, mama yake, akashusha fimbo. Klara alikuwa mwimbaji mwenzake Eliana kwenye kwaya, Jumapili nyingi anakula kwao. "Shetani huyo," akasema kwa sauti ndogo. "Nani mwingine anajua?"

"Wewe tu. Na usimwambie mtu, mama. Kaka zake Klara wataniua."

Yustina akaapa. Lakini kila akifumba macho alimwona mwanawe kwenye moto wa milele. Usingizi ukamkataa, ugali ukamkataa.

Alhamisi ni siku ya maombi ya akina mama kanisani hapo Sepuka. Kila mmoja husimama akataja hitaji lake, halafu anachaguliwa mtu wa kulibeba mbele za Mungu. Huyu ng'ombe wake amepotea, yule mume wake hatoki kilabuni. Na tumeshazoea kwamba jambo likishaitwa hitaji, kulisema siyo umbea tena. Hapo ndipo tunapoumia, mama wenzangu.

"Mama Eliana, leo umekunja uso kama umemeza muarobaini," Dorkas, mwenyekiti wao, akamtania. "Litoe hitaji. Hapa ni nyumbani."

Wakacheka. Yustina alitaka kusema miguu inamuuma. Mdomo ukasema lingine. "Ni binti yangu. Kuna roho inamvuta kwa msichana mwenzake wa kwaya. Mniombee afunguliwe."

Kicheko kikakatika. Dorkas akalibeba mwenyewe, na Dorkas akiomba ni kama anafukuza ndege kwenye uwele. "Mfungue Eliana, Baba! Mfungue na Klara!" Jina la Klara hakuna aliyemtajia, lakini nani hakujua wale wawili hawaachani? Madirisha ya kanisa hayana vioo, na hapo nje watu walikuwa na ndoo zao kwenye foleni ya maji.

Yustina akamvuta kitenge. "Dada Dorkas, punguza sauti, nakuomba."

Dorkas akadhani ni ile roho inampinga. Akaongeza.

Jua halijazama, Stanley, kaka yake Klara, alimkuta Eliana njiani akitoka mashineni na unga kichwani. Alikuwa na wenzake wawili. Hawakumuuliza kitu, wakaanza kumpiga. Klara alifungiwa ndani, na baada ya siku chache akaozwa kwa mgane mmoja wa kijiji cha Mkiwa. Jumapili wazee wa kanisa wakasimama kutangaza kwamba Eliana ametengwa. Stanley alikuwa amekaa benchi la pili, na jina lake halikutajwa.

Hospitalini, Yustina alikaa kando ya kitanda na bakuli la uji. Jicho moja la binti yake halikuweza kuokolewa.

"Nilikuwa nakuombea, mwanangu. Nilikuombea tu."

"Ungeniombea ukiwa jikoni, Mungu asingesikia?"

Yustina akakoroga uji ambao ulikuwa umeshapoa.

Nesi akaingia. "Muda wa kuona wagonjwa umekwisha, anabaki ndugu mmoja tu wa kumhudumia. Eliana, huyu ni nani wako?"

Eliana akamtazama mama yake kidogo, kisha akageukia ukutani. "Ni mama mmoja wa kanisani."

"Basi, mama, tunaomba utupishe," nesi akasema kwa upole, akampokea bakuli.